Bagamoyo kwa Urari: Tathmini ya Matembezi ya Mhasibu Mstaafu

Nimetembezwa Bagamoyo mara tatu, na mara mbili za kwanza nilirudi Dar es Salaam na picha nyingi na maarifa haba. Mara ya kwanza kijana mmoja aliyetudaka ufukweni alitupitisha mji mzima kwa dakika 40, akatuambia kwamba kila ukuta ulifungiwa watumwa na kila mti ulinyongewa mtu, kisha akadai nyongeza kwa sababu eti tulikuwa tumeuliza maswali mengi. Mara ya pili tulipewa karatasi iliyochapwa, tukaambiwa tujisomee. Kwa hiyo mwenzangu wa kazini aliponieleza kwamba yupo mhasibu mstaafu anayetembeza wageni katika Mji Mkongwe huku amebeba leja kwapani, nilikubali kwa shingo upande, tena kwa sababu tu mpwa wangu wa kidato cha tatu alikuwa likizo na alihitaji kutolewa mbele ya simu yake. Mzee huyo ameniomba nisiandike jina lake. Kwa maelezo yake, leja huwa na jina la ofisi, si la karani. Nitamwita Mzee, kama wanavyomwita majirani zake.

Utaratibu wa kumpata ni wa kizamani. Hana tovuti wala ukurasa wowote mtandaoni. Unapewa namba yake na mtu aliyekwisha kwenda, unampigia baada ya magharibi, naye anakuuliza mambo matatu: mko wangapi, mna mtu asiyeweza kutembea juani, na mnataka kujua nini hasa. Swali la mwisho lilinikwamisha. Nilijibu kwamba nataka kujua historia ya Bagamoyo, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hiyo ni leja kumi na saba, mwanangu. Chagua ukurasa." Tukakubaliana biashara ya misafara. Hachukui zaidi ya watu sita kwa mara moja, kwa kuwa wakizidi hapo walio nyuma hawaioni leja, na kwake yeye matembezi bila leja ni porojo. Tulilipa shilingi 20,000 kwa kila mtu mzima na 5,000 kwa mwanafunzi, kwa muda wa saa nne ambazo kwetu zilifika tano. Maji ya kunywa ni juu yako.

Tulipanda basi la kwanza kutoka Makumbusho, tukaenda zile kilomita 70 hivi, na tukafika tulipoagizwa dakika tisa baada ya saa moja na nusu. Alikuwa amekaa kwenye baraza, shati jeupe la mikono mirefu, kofia ya viua, kalamu mbili na penseli mfukoni. "Shikamoo, Mzee." "Marahaba, hamjambo?" Aliitikia kwa upole kabisa, kisha akaandika muda wetu wa kufika kwenye kijitabu kidogo. Mpwa wangu aliniangalia kama anayeuliza tumefika kwenye matembezi au kwenye mtihani.

Maisha yake aliyatoa vipande vipande njiani, wala hakuyafanya somo. Alizaliwa papa hapa, akasomea uhasibu Dar es Salaam, akafanya kazi miaka 31 katika idara ya fedha ya shirika moja la umma, akianzia kwenye mashine ya kujumlisha yenye mkono wa kuvuta na kumalizia kwenye kompyuta. Alipostaafu alirudi katika nyumba ya marehemu baba yake akiwa na nia ya kufuga kuku. Katika juma la kwanza akaona kwamba mlango wa kuchongwa wa nyumba ya tatu kutoka kwake, mlango alioupita kila siku akienda chuoni akiwa mtoto, haupo tena, na mahali pake pamewekwa geti la chuma. Akauliza mlango umekwenda wapi, akaambiwa umeuzwa. Akauliza umeuzwa kwa nani, kwa bei gani, nani alishuhudia, na kama kuna mahali popote palipoandikwa kwamba mlango huo ulikuwepo. Swali hilo la mwisho halikupata mtu wa kulijibu. "Mali isiyo kwenye rejesta haiwezi kuibwa," alituambia, "kwa sababu huna pa kuandika kwamba imepotea." Kuku hawakufugwa. Sehemu ya kiinua mgongo ilinunua kabati la chuma na makaratasi, na tangu siku hiyo asubuhi zake anazitumia kupita nyumba hadi nyumba, na jioni zake kwenye mabaraza ya wazee, akisikiliza zaidi ya anavyosema. Mkewe, aliyetukaribisha chai baadaye, anaziita zile leja "mke mwenza".

Kinachoifanya huduma hii iwe na thamani ni namna anavyoandika, na ningependa kila anayetembeza watu katika pwani yetu akaione. Kila nyumba ya mji wa zamani ina kurasa zake mbili zinazotazamana. Upande wa kushoto huandika kinachodaiwa kuhusu nyumba hiyo: nani aliijenga, nani alikaa, lilitokea jambo gani. Upande wa kulia huandika ushahidi: hati, picha, maandishi yaliyochongwa kwenye mbao, au mtu aliyeona kwa macho yake, pamoja na tarehe aliyozungumza naye. Wino wa bluu ni wa jambo lenye ushahidi, wino mwekundu ni wa lililokanushwa, na penseli ni ya simulizi ambayo bado haijapata wa kuishuhudia wala wa kuikanusha. Pande mbili zisipolingana anaacha pengo wazi, na hilo pengo anakuonyesha bila haya. Nimezoea watembezaji wanaoogopa kusema "hili bado" kuliko wanavyoogopa kusema uongo. Huyu alilisema mara nyingi mno hata mpwa wangu akaanza kuhesabu.

Tulianzia Caravan Serai, mahali ambapo wapagazi wa bara walipokelewa na kusubiri, na hapo ndipo nilipojua kwamba tumepata mtu. Wengine hapa hukuonyesha minyororo. Yeye alimpa mpwa wangu penseli na hesabu ya kufanya. Msafara una watu 300, kwenda Tabora ni miezi mitatu, na posho ya mtu ni kibaba kimoja cha nafaka kwa siku. Unahitaji vibaba vingapi? Mtoto akakokotoa: 27,000. Kibaba ni kama robo tatu ya kilo, kwa hiyo ni kilo ngapi? Zaidi ya tani 20. Mpagazi mmoja hubeba frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Watahitajika wapagazi wangapi wa kubeba chakula peke yake? Zaidi ya 600. Na hao 600 watakula nini? Mtoto akainua macho. Mzee akangoja, hakumsaidia, hata mtoto mwenyewe akasema kwamba basi chakula kilikuwa hakibebwi, kilikuwa kinanunuliwa njiani. "Kwa fedha gani?" Hapo ndipo tulipoingia kwenye merikani, ile nguo nyeupe iliyotoka viwanda vya Marekani na kupata jina lake kutoka huko, kaniki, na shanga za rangi zilizopaswa kuchaguliwa kwa uangalifu kwa kuwa kila nchi ya bara ilikuwa na rangi inayoitaka na inayoikataa. Mizigo ya kwenda bara ilikuwa, kwa sehemu kubwa, ni fedha yenyewe: doti kwa doti, kila doti mikono minane. Nimesoma habari za misafara tangu darasa la tano na sikuwahi kuambiwa kwamba mzigo wa nguo ulikuwa ndiyo pochi ya safari.

Kutokana na hesabu hiyo alifika mahali ambapo wenzake hufikia kwa kupandisha sauti. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikuwa wakiingia na kutoka Bagamoyo kila mwaka katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, wengi wao Wanyamwezi, watu huru waliokuja kwa ujira, wakasubiri miezi kadhaa mjini, wakalima, wakapanga vibanda, wakanunua na kuuza. Watumwa nao walipita hapa, na hilo halipunguzi hata chembe. Analo katika wino wa bluu, pamoja na mkataba wa 1873 uliofunga masoko ya watumwa ya Sultan Barghash wa Zanzibar na kuharamisha kuwasafirisha baharini, na sheria ya 1922 iliyokuja kuufuta utumwa wenyewe katika Tanganyika, karibu miaka 50 baadaye. Anachokataa ni kuandika watu wote katika safu moja. Mpagazi aliyekuja kwa miguu yake, akadai ujira wake na kurudi kwao na nguo, anastahili kuandikwa kama mfanyakazi, na kumtia minyororo leo ili mgeni atoe machozi ni kumnyang'anya mshahara kwa mara ya pili. Maneno hayo ni yangu, yeye alisema tu, "Safu mbili, mwanangu. Usichanganye safu."

Jina la mji analo kwenye penseli. Ya kwamba ni "bwaga moyo" analikubali kila mtu. Lililogombewa ni moyo wa nani ulibwagwa na kwa nini. Wako wanaosema ni mtumwa aliyekata tamaa mbele ya bahari, na wako wanaosema ni mpagazi aliyetua mzigo na kupumua kwa kuwa ameingia mji wa raha. Ameandika zote mbili, na mbele ya kila moja majina ya wazee waliomsimulia. Nilimwuliza yeye anaamini ipi. Akasema mhasibu haulizwi anachoamini.

Jambo lililomfurahisha kijana wetu kuliko yote lilikuwa dogo. Mzee alitoa katika bahasha sarafu ya shaba, nyeusi kwa umri, akamtilia kiganjani. Upande mmoja una tai wa Kijerumani, upande wa pili una maandishi ya Kiarabu yanayotaja kampuni ya Wajerumani. Ni pesa, pesa halisi, kwa maana ya kwamba "pesa" lilikuwa jina la sarafu hii: 64 zilifanya rupia moja. Mwaka 1904 Wajerumani waliacha hesabu hiyo ya 64, wakaigawa rupia katika sehemu 100, na kila sehemu wakaiita heller. Mpwa wangu akatamka neno hilo mara mbili, halafu akacheka peke yake, kwa sababu asubuhi ile ile alikuwa ameniomba hela ya maandazi.

Ngome Kongwe tuliipitia kwa kituo kirefu. Jengo hilo lilianza takriban mwaka 1860 kama nyumba ya mfanyabiashara wa Kiarabu, likaongezwa wakati wa Sultan Barghash, kisha Wajerumani wakalitia mikono yao. Ni hapo ambapo karibu kila mgeni huambiwa habari ya njia ya chini ya ardhi iliyowafikisha watumwa mpaka kwenye majahazi bila kuonekana. Mzee alifungua ukurasa, akatuonyesha: kushoto, "njia ya chini, inasimuliwa sana"; kulia, patupu. Penseli. Alituuliza swali la karani: katika mji ambao biashara hiyo kwa miaka mingi ilifanywa mchana kweupe na kutozwa ushuru, nani angegharimia kuchimba njia ya kuificha, na mwaka gani? Baada ya 1873 pengine pangekuwa na sababu, na kwa hiyo hakuifuta simulizi; aliiacha ingoje.

Mtaa wa India ndiyo sehemu iliyochukua muda mrefu zaidi, na kwa maoni yangu ndiyo kiini cha kazi yake. Nyumba nyingi za hapa zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba, ndiyo maana vyumba vya nyumba hizi ni vyembamba na virefu hata mwenye nyumba awe tajiri kiasi gani. Tulisimama mbele ya ukuta mmoja uliozibwa vipande viwili, kimoja kwa chokaa na kimoja kwa saruji. Mzee alichukua chupa yangu ya maji, akamimina kidogo juu ya kila kipande. Kwenye chokaa maji yalizama, doa likaenea polepole kama chai kwenye kitambaa. Kwenye saruji yalishuka moja kwa moja mpaka chini, yakaingia kwenye ufa uliokuwa pembeni mwa kiraka. Akaweka kidole kwenye ufa huo, akakitoa kikiwa na unga mweupe wenye chumvi. Ukuta wa matumbawe hunywa unyevu na kuutoa. Ukiufunika kwa saruji unyevu hubaki ndani, chumvi huusukuma udongo kutoka nyuma, na baada ya masika kadhaa kiraka kigumu hubaki kimesimama huku ukuta nyuma yake umekuwa mchanga. Mwenye nyumba aliyeweka saruji hakuwa na nia mbaya. Mfuko wa saruji unauzwa kona ya mtaa, na chokaa nzuri iliyolowekwa vya kutosha inahitaji fundi na subira.

Kisha milango. Alitufundisha kuisoma: kizingiti cha juu chenye maandishi au maua, miimo miwili ya pembeni yenye nakshi za mnyororo, samaki na mitende, na mfaa, ule ubao wa katikati unaosimama kati ya mbao mbili kama mlinzi. Katika nyumba moja, ambayo sitaitaja ilipo, miimo ipo na kizingiti kipo, lakini mbao na mfaa havipo. Pamepigiliwa bati, na juu yake mtu ameandika kwa rangi kwamba haliuzwi, jambo lililomfanya hata Mzee atabasamu. Ukurasa wa nyumba hiyo una mchoro wa mlango wote, kila nakshi imepimwa kwa sentimita, na chini yake mwezi na mwaka ulipoondolewa. Alituambia kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inaitaja milango ya kuchongwa ya kabla ya 1940 miongoni mwa vitu vinavyolindwa. Wenye nyumba wengi hawajui, na anayejua akiwa na ada ya shule ya kulipa Januari, sheria anaiona iko mbali na mnunuzi yuko mlangoni. Mzee hawapigii kelele. Huenda kuomba apime mlango kabla haujaondoka, na mara nyingine, anasema, mtu akishaona mlango wake umeandikwa kurasa nne huanza kusita kuuuza.

Ufukweni tulikwenda kwa haraka zaidi, na jua lilikuwa limekwisha kuwa kali. Mbele ya forodha ya zamani alitusomea hesabu moja tu: marki milioni 4, fedha ambazo Ujerumani ilimlipa Sultan wa Zanzibar baada ya makubaliano ya 1890 ili pwani hii iwe yake moja kwa moja. Upande wa pili wa ukurasa ameandika waliokuwa wakiishi katika pwani hiyo, na kiasi walicholipwa, na hapo kuna sifuri iliyokolezwa wino. Miaka miwili kabla ya mkataba huo, mwaka 1888, pwani ilikuwa imeinuka kupinga kampuni ya Wajerumani. Abushiri bin Salim, kiongozi wa upinzani huo, alinyongwa Pangani Desemba 1889. Mwezi huo huo, hapa Bagamoyo, Emin Pasha, gavana ambaye mpelelezi Stanley alikuwa amemtoa bara, alianguka kutoka ghorofani usiku wa karamu aliyoandaliwa pamoja na Stanley. Mzee alilitaja hilo kwa sentensi moja na kulipita, kwa madai kwamba lina watembezaji wa kutosha. Kuhusu Boma alitutega. Makao makuu ya koloni yalihamia Dar es Salaam mwaka 1891, na Boma lilijengwa 1897. Kwa nini mtu ajenge jumba kubwa namna hiyo katika mji aliokwisha kuuvua cheo? Kwa kuwa mji ulikuwa bado na wilaya ya kutawala, na mwaka uliofuata kulikuwa na kodi ya nyumba ya kukusanya. Kodi huhitaji ofisi.

Misheni ya Roho Mtakatifu, iliyoanzishwa mwaka 1868, tuliifikia kwa kupita chini ya miembe mirefu, na hapo Mzee alikuwa mfupi wa maneno, kwani kuna makumbusho yenye watu wake na yeye hapendi kuingilia daftari la mwingine. Alitusimamisha tu mbele ya mnara wa kanisa la zamani, ambako mwili wa Livingstone ulipokelewa Februari 1874 baada ya kubebwa miezi mingi kutoka Chitambo, katika Zambia ya leo. Majina ya Chuma na Susi, watumishi wake walioongoza kuubeba, yanajulikana. Msafara wao ulikuwa na watu wapatao 60, na kuna ukurasa anaoujaza jina moja moja kila anapolipata katika maandishi. Mimi nilikumbuka kwamba moyo wa Livingstone ulizikwa kule kule Chitambo kabla mwili haujakaushwa, nikasema kwa utani kwamba basi yeye moyo aliubwaga mapema. Mzee hakucheka mara moja. Alitoa penseli, akaandika pembeni mwa ukurasa, ndipo akacheka.

Matembezi huishia nyumbani kwake, kwenye chumba cha kumbukumbu, na anayeharakia basi atakosa nusu ya alicholipia. Chumba kina kabati la chuma, meza, na feni isiyoelekezwa kwenye karatasi. Miguu ya kabati imesimamishwa ndani ya makopo yenye mafuta ya taa ili mchwa na siafu wasipande. Ndani yake kuna stakabadhi za maduka yaliyokufa, barua, vyeti vya ndoa, kadi za kodi, picha za maulidi, vyote vikiwa ni nakala au vimeazimwa kwa maandishi, kwa maana akipokea karatasi ya familia hutoa hati ya mapokezi yenye tarehe ya kurudisha. Hatumii selotepu, kwa kuwa gundi yake hugeuka rangi ya chai na kula maandishi. Hatumii pini wala vibanio vya chuma, kwa kuwa hewa ya bahari huvitia kutu ndani ya mwaka mmoja. Huweka karatasi kwenye bahasha za karatasi na si za plastiki, ambazo hutoa jasho. Mpwa wangu alikuwa na cheti cha kuzaliwa alichokitia plastiki ya moto siku chache kabla, akauliza kama kimeharibika. Aliambiwa ukweli.

Sasa kasoro, kwa kuwa zipo. Sauti ya Mzee ni ndogo, na pikipiki zikipita mtaani unapoteza sentensi nzima. Yeye harudii mpaka umwombe. Hakuna mahali pa kukaa kati ya Mtaa wa India na ufukweni, wala msala, na kwa wazee au mama mjamzito saa tano ni adhabu. Nilishauri matembezi yagawanywe siku mbili, akasema atalifikiria, nami nikaona halikuandikwa popote. Haruhusu leja kupigwa picha, jambo ninaloelewa sababu yake, maana mchoro wa mlango wenye anwani ni orodha ya ununuzi mikononi mwa dalali, lakini ina maana kwamba kazi ya miaka yote hii ipo katika nakala moja, katika chumba kimoja, meta mia chache kutoka baharini. Nilimwuliza akiondoka yeye itakuwaje. Yuko binti yake, mwalimu, ambaye huja likizo na kunakili, na amefika leja ya sita. Ningependa kuona taasisi yenye uwezo ikija kwa adabu na mashine ya kunakilia, imwachie leja zake mezani pake. Na hesabu zake mara nyingine humpotezea msikilizaji: rafiki yangu mmoja tuliyekuwa naye, mtu wa mashairi, alilalamika kwamba alitaka kuambiwa juu ya ngoma na nyimbo za wapagazi na akapewa frasila. Ni kweli. Anayetaka ngoma afike TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa Bagamoyo, ni mwendo mfupi tu.

Kwa wanafunzi wa sekondari ningeyapendekeza bila kusita, hasa wanaoliona somo la historia kuwa ni kukariri tarehe, na kwa walimu wao pia. Nenda siku ya kazi, uvae viatu vya kufunika vidole kwa ajili ya ngazi zilizobomoka, ubebe kofia na lita moja ya maji kwa kila mtu, na noti ndogo ndogo: tulipolipa 65,000 kwa noti saba za elfu kumi, Mzee alitembea mpaka dukani kutafuta 5,000 ya chenji, akakataa kabisa tumwachie, kwa kuwa stakabadhi alikwisha kuikata, tena kwa karatasi ya kaboni, na kopi haifutiki.

Kaole, kule kwenye magofu ya misikiti na makaburi ya nguzo kusini mwa mji, ni matembezi ya peke yake, kwa malipo yake na siku yake. Tumekwisha kuandikishwa kwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi ujao, saa moja na nusu, na mpwa wangu ameagizwa aje na tepu ya kupimia na penseli mbili.